Nani Kasema Hii Ndiyo Raga?

Mchezaji aliangushwa, akainuka.

Hilo tu ndilo lililomtatiza mpwa wangu. Ana miaka kumi, na raga anayoijua yeye ni ile ambayo mtu akishalambishwa nyasi, wenzake na wapinzani wanamjia juu, wanasukumana, na mpira unapotelea chini ya miili hadi uchomoze upande mmoja. Huyu wa kwenye skrini alibanwa na watu watatu, akaenda chini, wakamwachia, akasimama. Akauweka mpira mbele ya miguu yake, akaupitisha nyuma kwa wayo wa kiatu. Mwenzake akauokota, wakaendelea. Baada ya sekunde chache, yaleyale tena.

"Mjomba, mbona hawaugombanii?"

Nikamwambia hii ni raga ya ligi, ya watu 13, si ile ya yunioni ya watu 15 aliyoizoea.

"Basi hii si raga."

"Ni raga."

"Nani kasema?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mchezo huu naufuatilia tangu nikiwa mdogo kuliko yeye. Naweza kukutajia mabingwa wa dunia wa pande zote mbili bila kukuna kichwa. Lakini nani kasema? Hii ni wiki ya sita sasa. Matokeo ya mechi ile nimeshayasahau, swali bado linanifuata hadi kitandani.

## Sekunde tatu

Ukitaka kuona kovu la ugomvi wa zamani, usitazame jezi wala kombe. Tazama sekunde tatu baada ya mtu kuanguka.

Katika raga ya 15, aliyeangushwa lazima auachie mpira, na kuanzia hapo ni mali ya atakayeupigania. Katika raga ya 13, mpira bado ni wake. Anaachiwa, anainuka, anaurudisha nyuma. Timu yake inaruhusiwa kuangushwa mara sita, kisha inaukabidhi kwa wengine. Kwa kuwa hakuna kinyang'anyiro cha pale chini, wale mafowadi wawili wa pembeni ya skramu (lile fungu la wachezaji wanaosukumana wameinama), ambao kazi yao kubwa ni kuuwinda mpira ulioanguka, hawana kazi. Ndio wawili waliopotea.

Nilikuwa nikidhani tofauti hizi zimekuwapo tangu mwanzo, kama ndugu wawili waliozaliwa na sura mbili. Sivyo. Klabu za kaskazini ya Uingereza zilizojitenga mwaka 1895, na ambazo mchezo wao ndio uliokuja kuwa raga ya 13, ziliondoka na sheria zilezile, watu 15 walewale. Lainauti, ule utaratibu wa kurusha mpira kutoka pembeni katikati ya mistari miwili ya wachezaji, waliifuta mwaka 1897. Wachezaji wawili waliwapunguza mwaka 1906, na mwaka huohuo wakaweka utaratibu wa mtu kuinuka na kuurudisha mpira kwa mguu. Walitaka mchezo ufunguke, kwa sababu walikuwa na mishahara ya kulipa na watazamaji wa kuwavuta kiwanjani. Kuhesabu mara ngapi timu inaangushwa kulikuja baadaye sana: mara nne mwaka 1966, sita mwaka 1972. Kabla ya hapo timu iliweza kuukumbatia mpira mpaka mashabiki wasinzie.

Kwa hiyo alichokiona mpwa wangu ni uamuzi wa kikao cha 1906.

Lakini kikao kile nani alikipa haki ya kuamua?

## Ngumi ya Blackheath

Kuna hadithi ya William Webb Ellis, mwanafunzi wa shule ya Rugby aliyeudaka mpira na kutimua nao mbio mwaka 1823. Kombe la dunia la raga ya 15 limepewa jina lake. Ushahidi wa maana haupo. Hadithi iliibuka mwaka 1876, mwenyewe akiwa kaburini miaka minne. Wanafunzi wa zamani wa shule ile walianza kuichunguza rasmi mwaka 1895, na jiwe la kumbukumbu likawekwa mwaka 1900. Utazame mwaka 1895 vizuri, nitaurudia. Kuna wanahistoria wanaoona kwamba shule ile ilihitaji baba wa mchezo wakati uleule wafanyakazi wa kaskazini walipokuwa wakiondoka nao.

Mimi naona raga ya kimataifa ilizaliwa Blackheath, mwaka 1884, kwa ngumi moja.

Uingereza ilikuwa ikicheza na Scotland. Mchezaji wa Scotland aliupiga mpira kwa ngumi ukaenda nyuma. Waingereza wakaupata, wakafunga trai, yaani bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Waskoti wakasimama wakipinga: kuupiga mpira nyuma kwa mkono ni kosa, mchezo ulipaswa kusimama. Waingereza wakajibu kwamba kwao hilo si kosa, na hata lingekuwa kosa ni lenu, hamwezi kufaidika nalo. Refa, mtu wa Ireland, akaikubali trai.

Yaani Waskoti walikuwa wakidai waadhibiwe, na Waingereza wakikataa kuwaadhibu. Nilicheka peke yangu niliposoma.

Chini ya kichekesho hicho kulikuwa na swali la mpwa wangu, neno kwa neno. Waingereza walishikilia kwamba sheria ni zao, kwa hiyo tafsiri ni yao. Scotland ikauliza: nani kasema? Mwaka 1885 hawakucheza kabisa. Mwaka 1886 Scotland, Ireland na Wales wakaunda bodi yao ya kimataifa. Uingereza ikakataa kuingia, ikidai kwamba ina klabu nyingi kuliko wote na hivyo inastahili viti vingi. Wale watatu wakaisusia. Mwaka 1888 na 1889 Uingereza haikupata mechi hata moja na majirani zake.

Suluhu ilipatikana mwaka 1890 kwa wasuluhishi wawili: jaji wa Scotland, Lord Kingsburgh, na Meja Marindin, ambaye alikuwa rais wa chama cha kandanda cha Uingereza. Ndiyo, kandanda. Uingereza ikapewa viti 6 kati ya 12, na wale wengine viwili kila mmoja.

Bodi hiyo ndiyo leo tunaiita World Rugby, yenye makao yake Dublin. Haikuanza kwa watu kukaa na kuuliza mchezo unahitaji nini. Ilianza kwa nchi nne zilizonuniana, na sehemu kubwa ya miaka yake imeendeshwa kama sebule: waliomo wanaamua nani mwingine afunguliwe mlango. Afrika Kusini, Australia na New Zealand walipata kiti kimoja kimoja mwaka 1948. Ufaransa, iliyokuwa ikicheza na hao wakubwa tangu mwanzoni mwa karne, ilikaribishwa mwaka 1978.

1978! Nililazimika kulisoma hilo mara mbili.

## Shilingi sita

Mgawanyiko wenyewe wa 1895 sitaurefusha. Mchimba makaa au mfanyakazi wa kiwanda akitoka kazini Jumamosi kwenda kucheza alipoteza ujira wake. Klabu za kaskazini ya Uingereza ziliomba ziruhusiwe kumfidia. Mwaka 1893 hoja hiyo ikapigiwa kura katika mkutano mkuu wa chama cha raga, ikaangushwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu wakakutana katika hoteli ya George, Huddersfield, wakajitenga. Fidia waliyoipitisha ilikuwa shilingi 6 kwa siku.

Kwa wiki mbili za kwanza za kusoma kwangu nilikuwa upande wao kabisa. Nani asingekuwa? Hata nilimwambia mpwa wangu: wale wa 13 ndio raga ya wavuja jasho, wale wa 15 walikuwa mabwana wasiojua njaa. Akatikisa kichwa kama mzee.

Na kisa cha Arthur Gould kilizidi kunitia moto.

Gould alikuwa nahodha wa Wales na nyota mkubwa kuliko wote wa zama zake. Alipokaribia kustaafu, mashabiki walichanga fedha, na Jumatatu ya Pasaka mwaka 1897 akakabidhiwa nyumba. Nyumba nzima. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu wachimba makaa waondoke kwa sababu ya shilingi 6. Scotland na Ireland wakasema huu ni ulipwaji wa wazi. Wales ilikuwa imeshajitoa kwenye bodi ya kimataifa ili kumlinda mtu wao. Sasa Uingereza, iliyokuwa mstari wa mbele kulaani malipo, ifanye nini? Ikiibana Wales, Wales itakwenda kuungana na waasi wa kaskazini, na nusu ya raga ya kimataifa itakuwa imekwenda nayo.

Ikatafuta njia ya kulimeza. Mwaka 1898 Wales ikarudi kwenye bodi, Gould akaacha kucheza mechi za kimataifa, nyumba akabaki nayo.

Sheria haikubadilika hata herufi moja. Ilipindishwa mara moja, kwa mtu mmoja, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na nchi ambayo kuipoteza kungeuma. Wachimba makaa hawakuwa na nchi nyuma yao.

## Hapo nikaanza kusitasita

Nilitaka kuandika makala hii wiki ya tatu, na ingekuwa makala nyingine kabisa: mabwana wabaya, wafanyakazi wema, kwisha.

Kisha nikasoma waasi walifanya nini baada ya kuasi.

Mwaka 1898 walikubali malipo kamili kwa wachezaji. Lakini waliweka sharti: mchezaji lazima awe na kazi nyingine inayotambulika. Asipokuwa nayo, au akibadilisha kazi bila kutoa taarifa, anasimamishwa. Kulikuwa na watu wa kufuatilia nani yuko kazini kweli na nani anajifanya. Walioukimbia uchunguzi wa mabwana wakajijengea uchunguzi wao, na anayechunguzwa ni yuleyule mchimba makaa.

Nikaahirisha kuandika.

Kwenye doa hilo la waasi ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Nilikuwa nimempa mtoto wa watu jibu la upande mmoja, naye alikuwa ameshaanza kulitangaza. Nilimsikia akimweleza rafiki yake kwenye simu kwamba raga ya 15 ni ya matajiri. Fiji je? Samoa je? Visiwa vile vina utajiri gani?

## Marufuku ya Desemba

Bado kuna jambo moja ambalo, nikilipima namna zote, mizani inaelemea upande mmoja.

Ufaransa ilifukuzwa kwenye mashindano ya Mataifa Matano mwaka 1931, ikituhumiwa kuwalipa wachezaji kichinichini na kucheza kwa ukatili. Mwaka 1934 Jean Galia, fowadi aliyekuwa amefungiwa, akaipanda raga ya 13 nchini humo. Ikashika haraka, hasa kusini. Kisha vita. Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilitoa amri tarehe 19 Desemba 1941, ikitiwa saini na kiongozi wake, Pétain: shirikisho la raga ya 13 limevunjwa, na mali zake zichukuliwe.

Mchezo ulipigwa marufuku na dola. Ule wa 15 ukaachwa.

Vita vilipokwisha marufuku iliondoka, lakini mali hazikurudi, na kwa miongo kadhaa shirikisho halikuruhusiwa kutumia hata neno raga. Liliitwa Mchezo wa Kumi na Tatu hadi miaka ya 1990. Fikiria unanyang'anywa nyumba, kisha unaambiwa na jina la baba yako usilitumie.

Na wakati wananyimwa jina walikuwa wakicheza raga ambayo wengi wanasema haijapata kuonekana tena kwao. Mwaka 1951 walisafiri hadi Australia wakashinda mechi mbili kati ya tatu za kimataifa, wakiongozwa na Puig-Aubert, beki wa nyuma aliyesifika kwa kupiga mpira na kuvuta sigara, mara nyingine karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1954 waliandaa kombe la dunia la kwanza la raga ya aina yoyote. Timu nne tu, lakini la dunia. Great Britain iliwashinda 16 kwa 12 kwenye fainali Paris.

Wale wa 15 walisubiri hadi 1987, na hata hivyo kwa kuburutwa. Bodi ilipopiga kura Paris mwaka 1985, zilikuwa 10 dhidi ya 6.

## Kiti ambacho hakikuondolewa

Miongoni mwa waliopiga kura ile ya 1985 ni Afrika Kusini, ambayo ilijua fika haitaweza kucheza kombe hilo.

Lakini ilikuwa na kiti. Hili ndilo lililonikera zaidi ya Gould na nyumba yake. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961 na kuifukuza mwaka 1976. Kamati ya Olimpiki iliizuia kuanzia 1964. Bodi ya raga haikuifukuza kamwe, miaka yote ya ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1976, siku chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, timu ya New Zealand ilitua Afrika Kusini kwa ziara yake. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Jibu likawa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haituhusu. Nchi zaidi ya 20 zikasusia. Filbert Bayi, aliyemwacha nyuma John Walker wa New Zealand kwa rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Walker akachukua dhahabu.

Kwa hiyo mtu akiniambia vikao vya raga ni mambo ya ndani ya raga, namkumbuka Bayi.

## Sababu ilipokufa

Agosti 1995, miaka mia kamili tangu Huddersfield, bodi ya raga ya 15 ilikutana Paris na kuruhusu wachezaji walipwe. Bila fidia, bila shilingi 6, bila kificho. Walikuwa wamechelewa: fedha za televisheni zilikuwa mlangoni, na wachezaji walikuwa tayari kuondoka kwa mafungu.

Nilipofika hapo nilisimama nikajiuliza swali la kipumbavu: mbona hawakurudiana?

Kama ugomvi ulikuwa wa malipo, na malipo yamekubaliwa, kilichobaki ni nini? Kwa karne nzima mchezaji wa 15 aliyesaini raga ya 13 alifungiwa maisha, asiruhusiwe hata kuifundisha timu ya kijijini kwao. Ghafla mlango ukawa wazi.

Jibu lilitolewa kiwanjani, Mei 1996. Wigan, wababe wa raga ya 13 Uingereza, walikutana na Bath, wababe wa 15, mara mbili. Mechi ya kwanza, Manchester, kwa sheria za 13: Wigan 82, Bath 6. Ya pili, Twickenham, kwa sheria za 15: Bath 44, Wigan 19.

82 kwa 6, kisha 19 kwa 44. Watu walewale, mwezi uleule.

Ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi uliisha lakini watoto wake walikuwa wamekua. Fowadi aliyejifunza miaka kumi namna ya kupigania mpira chini ana mwili mwingine, pumzi nyingine, macho mengine. Ukimwambia mpira ukianguka auache, umemnyang'anya ufundi. Na yule wa 13, aliyezoea kurudi mita 10 na kusogea mbele tena mara sita mfululizo, ukimtia kwenye skramu ya kweli unamwonea. Kati ya mechi zile mbili Wigan walialikwa kwenye mashindano ya watu saba saba ya Middlesex, hapohapo Twickenham, wakayatwaa. Pasipo na skramu ya maana wala rundo la miili, ukuta haukuwapo.

Mawinga na mabeki ndio waliovuka kwa urahisi. Fainali ya kombe la dunia la raga ya 15 mwaka 2003, Uingereza dhidi ya Australia, ilikuwa na trai mbili tu. Moja ya Lote Tuqiri, nyingine ya Jason Robinson. Wote wawili walilelewa kwenye raga ya 13. Nikizitazama tena leo siwezi kuacha kuwaza kwamba miaka minane na nusu tu kabla ya hapo, wote wawili wangefungiwa maisha.

## Hesabu ya kura

Nirudi kwenye sebule.

Mwaka 2017 World Rugby ilipaswa kuchagua mwenyeji wa kombe la 2023. Safari hii walijitahidi: tathmini ya kitaalamu, alama, ripoti hadharani. Ripoti ikapendekeza Afrika Kusini. Kisha wajumbe wakaingia ndani, wakapiga kura ya siri, wakaipa Ufaransa, 24 kwa 15. Sina ugomvi na Ufaransa. Nashangaa tu kwa nini mtu agharimie mizani kisha afumbe macho wakati wa kupima.

Mwaka 2020 Bill Beaumont wa Uingereza alimshinda Agustín Pichot wa Argentina kwa kura 28 dhidi ya 23 kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa World Rugby. Hizo ni kura 51. Nchi kumi, yaani zile za Mataifa Sita (Uingereza, Scotland, Wales, Ireland, Ufaransa na Italia) pamoja na Argentina, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, zilikuwa na kura tatu kila moja. Tatu mara kumi ni thelathini. Dunia yote iliyobaki iligawana ishirini na moja. Bara zima la Afrika, ukiondoa Afrika Kusini, lilisemewa na shirikisho la kanda lenye kura mbili.

Fiji ilipotwaa dhahabu ya kwanza ya wanaume ya raga ya saba saba kwenye Olimpiki, Rio 2016, haikuwa na kiti chake yenyewe kwenye baraza la World Rugby.

Nilitaka kukimbilia upande wa pili nikapumzike. Sikupumzika. Raga ya 13 ina shirikisho lake la kimataifa, lakini nguvu iko Australia, iliko ligi yenye fedha. Kombe lao la 2025 lilikuwa lifanyike Ufaransa. Mwaka 2023 waandaaji wakajitoa kwa kukosa dhamana ya serikali, likasogezwa hadi 2026 na kupelekwa, pengine umeshabahatisha, Australia, nchi iliyotwaa makombe 12 kati ya 16. Papua New Guinea, ambako raga ya 13 ndiyo mchezo wa taifa, itaingiza timu kwenye ligi ya Australia mwaka 2028 kwa fedha za serikali ya Canberra, na kila mtu anajua kwamba nyuma ya ukarimu huo kuna wasiwasi wa China kusogea visiwani.

Huku sebule ina watu kumi wenye viti vitatu vitatu. Kule nyumba nzima ni ya mtu mmoja, na wengine wamepanga.

## Miaka kumi

Mwaka 2025 wawekezaji walitangaza ligi mpya ya raga ya 15, R360, itakayozunguka miji ya dunia na kulipa vizuri. Oktoba mwaka huo vyama vinane vya raga ya 15, New Zealand na Uingereza vikiwamo, vilisema atakayejiunga hatachaguliwa timu ya taifa. Hilo nililitarajia, sebule ni ileile.

Lakini ligi hiyo ilikuwa ikiwarubuni nyota wa raga ya 13 pia. Na wasimamizi wa raga ya 13 Australia, warithi wa waasi waliokutana hotelini kwa sababu walinyimwa haki ya kulipwa, wakatangaza adhabu yao: atakayesaini huko, miaka kumi nje.

Mkuki kwa nguruwe.

R360 imeahirishwa hadi 2028, na huenda isichezwe kabisa. Nilimsimulia mpwa wangu Jumapili, tukitazama mechi nyingine ya 13. Nilikuwa nimejiandaa kumpa jibu refu la swali lake la wiki ile: vikao, viti, nyumba ya Gould, Wigan na Bath. Nilipofika kwenye adhabu akanikatiza, akanyoosha kidole kwenye skrini, kwa winga aliyekuwa akifunga kamba za viatu karibu na mstari.

"Mjomba, huyu ana miaka mingapi?"

"Ishirini na nne."

Akahesabu kwa vidole, vyote kumi. Winga akasimama, akapokea mpira, akaangushwa, akainuka, akaurudisha nyuma kwa wayo wa kiatu.

"Thelathini na nne," akasema, akaongeza sauti ya televisheni.